Tusikope kununua meli za gesi kabla ya kusoma mkataba wa kukodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wafanyabiashara wenzetu wa Mtwara, Lindi na Dar es Salaam, pamoja na benki zinazowakopesha, kuhusu biashara ya meli zinazohudumia visima vya gesi baharini. Kila mazungumzo ya mradi wa kusindika gesi huko Likong'o, Lindi, yanapopamba moto, husikika wito kwamba wazawa wajiandae kwa kununua meli mapema ili kazi zisichukuliwe zote na wageni. Wito huo nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mimi ni mhandisi wa meli mstaafu, nimefanya kazi katika meli za aina hii, na naogopa kumwona mzawa akiweka rehani nyumba na viwanja vyake kwa ajili ya kazi ambayo bado haina mkataba.

Meli hizi hukodiwa kwa siku. Kampuni ya gesi hulipa kodi ya siku na kununua mafuta ya kuendeshea mashine, na mwenye meli hubaki na mishahara ya mabaharia, chakula, vipuri, bima na marejesho ya benki. Katika SUPPLYTIME, mkataba wa mfano wa BIMCO, shirika la kimataifa la wenye meli, unaotumika sana katika kazi hizi, mwenye meli hupewa saa 24 kila mwezi za matengenezo bila kukatwa kodi. Akiisha kuzitumia zote, pamoja na alizolimbikiza, kodi husimama mpaka meli irudi kazini.

Tuchukue propela ndogo ya kwenye omo, ambayo pamoja na zile za tezi huiwezesha meli kutulia mahali pamoja kwa kuongozwa na kompyuta, bila nanga, huku kreni ya mtambo wa kuchimba ikipakua mabomba. Sili yake, yaani kizibo kinachozuia maji na mafuta kupenya, ikianza kuvuja, nahodha hawezi tena kuisogeza meli ndani ya mita 500 za mtambo. Sili huagizwa ng'ambo, fundi anayetambuliwa na mtengenezaji naye hutoka ng'ambo, kifurushi husubiri forodhani, na mara nyingi kazi hiyo haifanyiki mpaka meli ipandishwe chelezo, pengine Mombasa au Durban. Siku zote hizo mabaharia wanakula na wanadai mishahara, na benki inahesabu riba.

Hata hivyo, kuharibika kwa mashine ni jambo ambalo mwenye meli makini anaweza kulipangia fedha. Kipengele kinachofilisi ni kile kinachompa mkodi haki ya kuvunja mkataba kwa hiari yake, akitoa notisi ya siku chache tu. Katikati ya 2014 pipa la mafuta liliuzwa kwa zaidi ya dola 100. Januari 2016 lilishuka chini ya dola 30. Kampuni za mafuta zilisimamisha uchimbaji na kurudisha meli kwa wenyewe. Tarehe 17 Mei 2017 kampuni mbili kubwa za Marekani, Tidewater na GulfMark, ziliomba kinga ya mufilisi, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao, siku moja. Tidewater ilikuwa na meli zaidi ya 200 zilizotawanyika katika bahari zote za mafuta. Mwenye meli moja Mtwara ataponea wapi?

Kwetu hapa mambo yamekuwa ya kungoja. Visima vya kina kirefu tulivipa majina ya samaki na viungo: Pweza mwaka 2010, Zafarani mwaka 2012, na vingine vikafuata. Gesi iliyogunduliwa nchini inakadiriwa kuwa zaidi ya futi za ujazo trilioni 57, ila sehemu kubwa yake ingali chini ya bahari. Januari 2021 Equinor, kampuni ya mafuta ya Norwei, ilifuta katika vitabu vyake dola milioni 982 za thamani ya mradi wa Tanzania. Kampuni yenye mtaji wa namna hiyo iliandika hasara na ikaendelea na shughuli zake. Kwa jirani zetu wa Msumbiji, mji wa Palma uliposhambuliwa Machi 2021, Total ya Ufaransa ilitangaza mwezi uliofuata kwamba imepatwa na tukio lisilozuilika, na mradi wake ukasimama kwa zaidi ya miaka minne. Tangazo la namna hiyo likitolewa, mikataba mingi humruhusu mkodi kuachana na meli bila kulipa fidia.

Bahari yenyewe pia haitaki mzaha. Bourbon Dolphin ilipinduka karibu na Shetland mwezi Aprili 2007 ikihamisha nanga za mtambo, na watu 8 walikufa. Mikataba ya kazi hizi kwa kawaida humtaka kila upande abebe hasara ya mali na watu wake bila kujali nani amekosea, kwa hiyo mwenye meli asiye na bima kamili anaweza kupoteza kila kitu kwa kosa la mtu mwingine. Mzawa anayeingia ubia na wageni, kwa hisa zisizopungua asilimia 25 zinazotajwa na Sheria ya Petroli ya 2015, ajue kwamba madeni ya kampuni hiyo nayo yatamgusa.

Wanaoniuma zaidi ni mabaharia. Mwenye meli akifilisika, wao hubaki ndani ya meli iliyotia nanga, jenereta imezimwa kwa kukosa mafuta, maji ya kunywa yanahesabiwa kwa ndoo, na hawawezi kushuka kwa kuogopa kupoteza madai yao. Tangu Januari 2017 Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Mabaharia unataka meli iwe na dhamana ya kuwarudisha makwao na kuwalipa hadi miezi minne ya mishahara, na cheti chake kibandikwe wanapoweza kukisoma. Kijana anayepanda meli akitafute cheti hicho kabla hajaweka begi lake kitandani.

Naziomba PURA, mamlaka inayodhibiti utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi, na TPDC, shirika la petroli la taifa, zinapopitia mipango ya manunuzi ya kampuni za gesi, zidai kwamba mkataba wowote wa kukodi meli ya mzawa uwe na muda maalumu na fidia ya kuvunjwa mapema inayotosha walau kulipa mabaharia na marejesho ya benki mpaka meli ipate kazi nyingine. Benki nazo zikatae kutoa fedha kwa barua ya nia pekee, ambayo si mkataba. Masharti haya yawekwe sasa, kabla uamuzi wa mwisho wa uwekezaji katika mradi wa Likong'o haujatolewa, maana wakati huu ndipo Serikali bado ina nafasi ya kuyadai mezani.

Mhandisi wa meli mstaafu,
Mtwara