Mchumba wangu anataka niache saiti na daraja bado halijainuka

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mhandisi wa madaraja, mwanamke, sijafikisha miaka thelathini. Nina mchumba ninayempenda na ambaye hajanikosea kitu. Ameniomba jambo ambalo mtu yeyote angeliona la haki, nami kila nikitaka kulikubali moyo unagoma.

Kampuni yangu imenipa usimamizi wa sehemu ya juu ya daraja tunalojenga. Misingi inakaribia kuisha. Baada ya hapo njia yenyewe itajengwa kipande kwa kipande kutoka kichwani mwa kila nguzo, huku na huku kwa pamoja, ili nguzo isielemewe upande mmoja. Ni kazi ya miaka miwili hivi, mbali na nyumbani. Wakati huohuo ofisi moja ya usanifu, karibu na anapofanya kazi mchumba wangu, imeniita. Mishahara haipishani sana. Yeye anasema: chukua ya ofisini, tufunge ndoa, daraja watalimaliza wengine, na wewe utalifuatilia kwa simu.

Ana hoja, Shangazi, na sitaki umwone mbaya. Saiti haina ratiba ya kupangia maisha. Tukimwaga zege la nguzo za chini ya ardhi hatuwezi kusimama njiani, kwa sababu bomba la kumwagia likichomoka ndani ya zege kabla shimo halijajaa, maji na tope huingia na nguzo hubaki na kasoro ambayo jicho haliioni. Kwa hiyo kazi iliyoanza mchana huisha alfajiri. Siku ya wazee wake kuja kwetu ilisogezwa kwa sababu ya zege, na mama yake hajasahau. Hata nikiwa likizo, mvua ikikazana naamka usiku kuuliza kina cha mto, maana maji ya mafuriko huchimba mchanga kuzunguka misingi, na hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya madaraja kuanguka. Mchumba wangu husema niko naye lakini sipo. Siwezi kumbishia.

Upande wangu ni huu. Ili nisajiliwe kuwa mhandisi kamili nahitaji uzoefu chini ya wakubwa wa kazi, na wa michoro ninao tayari; unaopungua ni wa saiti. Lakini hata cheti kingekuwa mkononi, hilo neno la kufuatilia kwa simu lingenikaa kooni. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Quebec, kule Kanada, lilianguka likiwa bado linajengwa, wakafa wafanyakazi 75. Mhandisi mshauri wake, Theodore Cooper, alikuwa New York, afya yake mbaya, akiliongoza kwa barua. Aliyekuwa saiti kwa niaba yake ni kijana, Norman McLure, ambaye aliona vyuma vinavyobeba mgandamizo vinazidi kupinda. Ikabidi apande treni hadi New York akaeleze ana kwa ana. Cooper alipoelewa alituma telegramu kwamba daraja lisiongezewe mzigo. Ilikwenda kwa kampuni iliyotengeneza vyuma, si saiti, na jioni hiyohiyo daraja likaanguka mtoni. Namfikiria sana yule kijana. Nimejifunza kwake kwamba lazima awepo mtu pale chini ya daraja, mwenye macho na mwenye sauti ya kusimamisha kazi. Sasa mimi ndiye ninayepewa hiyo sauti, na ni wasichana wachache wanaoipewa.

Kuna na habari ya Emily Roebling. Mumewe, mhandisi mkuu wa daraja la Brooklyn, kule New York, aliugua kwa kufanya kazi katika hewa iliyobanwa chini ya mto, na kwa zaidi ya miaka kumi Emily ndiye aliyepeleka maagizo yake na kuzungumza na wahandisi, hadi daraja likafunguliwa mwaka 1883. Husifiwa kuwa mke mwema, na anastahili. Nilimuuliza mchumba wangu: kama mhandisi angekuwa mke, mume angefanya vile? Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema angejaribu. Jibu hilo ndilo linalonifanya nisitake kumpoteza.

Nimempendekezea tuoane sasa, niende saiti, tuonane kila nikipata nafasi. Anasema ndoa ya watu wanaoishi mbalimbali si ndoa, na kwamba mwaka wa kwanza ndio mnajuana. Nimependekeza tuahirishe. Hapo mama yangu mwenyewe ndiye aliyekataa, akisema umri hausubiri daraja, na nikimsikiliza naogopa, kwa kuwa watoto nawataka.

Kampuni inataka jibu kabla mwezi haujaisha, na ile ofisi pia. Wewe umesuluhisha nyumba nyingi. Ndoa changa inaweza kuhimili umbali wa miaka miwili, na tuwekeane masharti gani kabla sijaondoka? Na je, ni haki kumwomba mwanamume mwenye kazi yake ahamie kwangu, au nitakuwa namtwisha mzigo ambao mimi mwenyewe nimeukataa? Nijibu, tafadhali, hata kama jibu lako litaniuma.

Wako,
Mhandisi wa Madaraja