Si kila mnyama wa kale ni dinosaria

Mhariri,

Ukurasa wenu wa watoto wa Jumamosi iliyopita umeniletea kesi nyumbani. Mjukuu wangu wa darasa la nne alikata picha ya yule mnyama mwenye tanga mgongoni, Dimetrodon, akaibandika ukutani. Chini yake akanakili maneno yenu: "Dinosaria mkali". Nilipomwambia huyo si dinosaria alinijibu, "Babu, gazeti limeandika." Basi naomba gazeti liandike tena.

Dimetrodon aliishi mwanzoni mwa kipindi cha Permiani, miaka milioni 280 hivi iliyopita, na mifupa yake mingi imetoka Texas, Marekani. Dinosaria walichelewa kuja kwa zaidi ya miaka milioni 30. Lakini tuuache umri, tatizo langu ni ukoo.

Msomaji wenu mdogo aweke vidole kwenye panja, kisha aume meno kwa nguvu. Atasikia nyama ikituna. Msuli huo ndio unaovuta taya, nao hushuka kupitia uwazi ulio nyuma ya jicho, ndani ya upinde wa mfupa wa shavu. Kila upande wa kichwa uwazi ni mmoja, na Dimetrodon alikuwa na mmoja vilevile. Ukoo uliozaa mamba, dinosaria na ndege ulianza na matundu mawili kila upande. Kwa hiyo huyo "dinosaria mkali" yuko upande wetu, upande wa mamalia. Babu yetu hasa siye. Tumwite ndugu wa babu.

Kilichonifanya nishike kalamu, hata hivyo, ni kuona mmevuka bahari kutafuta mnyama wa Permiani ilhali sisi wa kusini tumelala juu yao. Bonde la Ruhuhu, mto unaoishia Ziwa Nyasa, lina mifupa ya wanyama wa mwisho wa kipindi hicho. Mwanajiolojia wa serikali ya Tanganyika, Stockley, aliikuta alipokuwa akichunguza miamba ya makaa ya mawe ya huko, na mwaka 1933 Parrington wa Cambridge akafuata kuikusanya. Makaa yenyewe, kama haya yanayopita Songea kwenye malori kila siku, ni mimea ya kipindi hichohicho, ila ya zamani kidogo kuliko mifupa hiyo.

Kuna disinodonti, wala majani wenye mdomo mgumu kama wa kobe na, wengi wao, meno mawili yaliyoshuka pembeni. Kuna gorgonopsi, wawindaji wao, wenye chonge ndefu kama majambia. Ninayempenda mimi ni Kawingasaurus: disinodonti mdogo aliyechimba chini kwa chini kama fuko, fuvu lake unaweza kulifumbata kiganjani. Hawa wote wana uwazi ule mmoja nyuma ya jicho.

Mkitaka dinosaria kwa lazima, pandeni matabaka ya Manda, ambayo ni machanga zaidi, katika bonde hilohilo. Huko ndiko alikotoka Nyasasaurus, ambaye mwaka 2013 wataalamu walisema huenda ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, au jamaa yao wa karibu sana. Baina ya matabaka hayo na yale ya chini kuna msiba wa miaka milioni 252 iliyopita, volkano za Siberia zilipofoka na viumbe vingi vya baharini na nchi kavu vikatoweka. Gorgonopsi waliishia hapo. Baadhi ya disinodonti walivuka.

Ndugu zetu wa Tanga nao wasisahauliwe. Tangasaurus, aliyepewa jina na Haughton mwaka 1924, alitoka kwenye miamba ya Permiani ya huko: mnyama mdogo mwenye mkia bapa kama kasia. Huyu kweli ni wa upande wa matundu mawili, lakini naye si dinosaria, hata kama hiyo "saurus" mwishoni inawapoteza wengi.

Naomba masahihisho yatoke kwenye ukurasa uleule wa watoto, kwa herufi kubwa na picha ya disinodonti wa Ruhuhu. Mkiyatia kwenye kona ya "tunaomba radhi" mjukuu wangu hatayaona. Nafasi ukutani ipo, kulia kwa kalenda.

Mwalimu mstaafu,
Songea