Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ziara za Kutafuta Asili Ireland

Ndugu wanachama,

Salaam kwenu nyote, mlio Dublin na Cork, mlio Uingereza, na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitazigusa mpaka mwishoni nitakapoomba kura yenu. Ziara ndiyo iliyoleta maneno mengi mwaka huu, kwa hiyo nitakaa hapo zaidi.

Wengi wetu tuna babu au bibi wa Kiairishi, au tumeoa na kuolewa huko, na sasa watoto wanaulizia upande wa pili wa ukoo. Maneno yalitoka hapa: tulisafiri na familia zilizokuwa na jina la ukoo na jina la kaunti, basi. Kumtafuta Murphy wa Cork ni sawa na kushuka Mombasa ukaulizia Juma wa Pwani. Ireland ina vitongoji (townlands, vigawanyo vidogo kabisa vya ardhi) zaidi ya 60,000, na kumbukumbu nyingi za ardhi zimepangwa kwa vitongoji. Waliokuja na jina la kitongoji walifikishwa mlangoni. Wengine walizungushwa kwenye makasri ya watu wasiowahusu, tena kwa nauli ileile. Malalamiko yao ni ya haki.

Ugumu wa kupata jina hilo una historia yake. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, hifadhi ya nyaraka pale Four Courts, Dublin, iliteketea pamoja na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Sensa za 1861 na 1871 serikali ilikuwa imeshaziharibu yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa ili zipatikane karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Sensa kamili ya zamani kabisa iliyobaki ni ya 1901, ikifuatiwa na ya 1911, na zote mbili husomwa bure kwenye intaneti. Ile ya 1926 ilifungwa kisheria kwa miaka 100, yaani hadi Aprili 2026.

Hata hivyo, moto wa 1922 umekuwa kisingizio cha wavivu. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya Wakatoliki havikuwamo mle. Vilibaki kwa mapadri, Maktaba ya Taifa ikavipiga picha, na tangu Julai 2015 picha hizo ziko wazi kwa yeyote. Kuanzia 1864 vizazi, ndoa na vifo vya watu wote viliandikishwa serikalini. Na kwa kizazi cha njaa kuu, ile iliyoanza 1845 viazi vilipooza, ipo tathmini ya ardhi na nyumba ya Richard Griffith ya kati ya 1847 na 1864, iliyofanywa kwa ajili ya kodi. Inataja mkaaji, kabaila aliyemkodisha, na namba ya kipande chake kwenye ramani. Pale majirani walipofanana majina, karani aliongeza jina la baba au la utani ili kodi isimwangukie mwingine.

Umri uliwachanganya wengi. Mtu wa miaka 55 katika sensa ya 1901 anakutwa na 70 mwaka 1911, na familia inakata shauri kwamba huyu siye. Huenda ndiye. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa 1908 kwa waliofikisha miaka 70, na wengi hawakuwa na cheti kwa kuwa walizaliwa kabla ya 1864. Nchi ikazeeka ghafla! Bibi zetu hawakuwa wajinga.

Katika nyumba tulizofikia nitaeleza moja, ya Kaunti ya Mayo, kwa ruhusa ya familia iliyoomba isitajwe. Walikuja na fomu ya nyumba ya sensa ya mwaka 1901. Fomu zile zilijazwa na askari polisi kwa mtindo wa alama: kuta za mawe 1, paa la nyasi 0, vyumba 2 (alama hiyo hutolewa kwa vyumba viwili hadi vinne), madirisha ya mbele 2. Jumla 5, nyumba ya daraja la tatu. Tulikuta gofu lisilo na paa, ndama wamejikinga upepo ndani yake, na upande wa mbele mlango na dirisha moja tu. Wenyewe wakaanza kunong'ona kwamba tumewapeleka siko. Mwenye shamba, mtu wa makamo aliyevaa gambuti, alipitisha mkono ukutani mpaka pale mawe yanapogeuka kuwa madogo na yasiyo na mpango. Dirisha la pili lilikuwa limezibwa, pengine nyumba ilipofanywa zizi. Ndani, meko bado yapo, na kando yake kile kitundu cha ukutani walichokuwa wakiwekea chumvi isishike unyevu. Mama mmoja alitia mkono humo na hakuutoa upesi.

Kabla ya hapo, pale getini, yule bwana alikuwa ametuuliza kwa upole kama tumefuata ardhi. Swali hilo mtu wa kwetu halihitaji kufafanuliwa. Katika vitabu vya marekebisho ya tathmini, ambamo kila badiliko liliandikwa kwa wino wa rangi yake, jina la babu wa familia ile limekatwa na juu yake limeandikwa jina la ukoo wa bwana huyu. Mabadiliko hayo mara nyingi ni kifo au safari ya meli, lakini aliyerithi shamba anapoona gari la wageni wenye karatasi mkononi, moyo humdunda. Kuanzia sasa sentensi ya kwanza ya kiongozi wa msafara iwe kwamba hatukuja kudai kitu. Pia mkumbuke kwamba Ireland mtu hana haki ya kukatiza shamba la mwenziwe apendavyo. Piga simu, omba ruhusa, na geti uliache kama ulivyolikuta.

Kuna familia ambazo hazitaona hata gofu. Waliokuwa maskini kabisa kabla ya 1845 waliishi vibanda vya udongo, na udongo umerudi ardhini. Kwa hao tulikwenda Strokestown, Kaunti ya Roscommon, penye makumbusho ya taifa ya njaa. Mwaka 1847 wapangaji 1,490 wa shamba lile walitembea kando ya mfereji hadi Dublin, wakavushwa Liverpool, kisha wakapakiwa kwenda Quebec. Wengi sana hawakufika. Kabaila wao, Denis Mahon, alipigwa risasi akafa Novemba mwaka huohuo.

Wakenya waliomba tusimame Moneygall, Kaunti ya Offaly, tukasimama. Falmouth Kearney, mwana wa fundi viatu, aliondoka hapo 1850, na tarehe 23 Mei 2011 mjukuu wa kitukuu wake, Barack Obama, mwenye Kogelo upande wa baba, alikunywa bia katika baa ya kijijini. Kituo cha magari chenye jina lake barabarani hakina cha kutufundisha, ila choo chake kisafi. Cha kujifunza ni kwamba ukoo ule ulithibitishwa na kumbukumbu za parokia ya Kanisa la Ireland, yaani la Kianglikana, kanisa ambalo vitabu vyake vingi viliungua 1922.

Kuna wanachama walionunua nembo ya ukoo dukani, imetiwa fremu, kwa bei ya kuumiza. Nembo hutolewa kwa mtu, na jina la ukoo peke yake halikupi haki nayo. Ukipenda rangi zake itundike sebuleni, ila usiilete kwenye kikao kama ushahidi. Kuhusu uraia: aliye na babu au bibi aliyezaliwa Ireland anaweza kuomba kuandikishwa. Aliye kitukuu tu wa mzaliwa wa huko, kwa kawaida, hapati, na kamati haiwezi kumsaidia.

Hoja ya kamati ni hii. Fungu la ziara ligawanywe, na sehemu kubwa ilipe mtafiti wa nyaraka mjini Dublin kabla tiketi haijakatwa. Familia isiyo na jina la kitongoji miezi mitatu kabla ya safari ipishe nafasi kwa mwingine na irudishiwe amana yake yote. Najua ina ukali, na makamu wangu hakubaliani nami. Atapewa nafasi ya kusema. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Majina ya wagombea wa nafasi ya katibu yanapokelewa mezani mpaka wakati wa chai.