Baiskeli ya mzigo haihitaji injini kubwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwazindue wenzangu wa hapa Mombasa wanaofunga injini kwenye baiskeli zao za kusambazia mikate, maziwa na samaki. Mimi ni fundi, na takriban kila anayenijia hutaka injini ya “cc 80” pamoja na sproketi ndogo ya nyuma (gurudumu la meno linalozungushwa na mnyororo), akitaraji nguvu na mbio kwa pamoja. Injini hizi hazina giaboksi, kwa hivyo ukiongeza kimoja umepunguza kingine. Hiyo 80 yenyewe ni ya dukani tu: silinda ina kipenyo cha milimita 47 na pistoni husafiri milimita 38, na ukipiga hesabu utapata cc 66.

Ndani ya injini mzunguko hupunguzwa mara 4.1, kisha mnyororo huupunguza tena kutoka meno 10 ya mbele hadi meno 44 ya nyuma, hivi kwamba injini huzunguka mara 18 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Gurudumu la inchi 28 husonga karibu mita 2.2 kwa kila mzunguko. Basi injini ikienda mizunguko 4,500 kwa dakika, mwendeshaji atakuwa kwenye kilomita 33 kwa saa. Akifunga sproketi ya meno 36 atafika 40, lakini nguvu ya kuvuta itapungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Anayetoka Kongowea kwenda Bamburi na mzigo mwepesi hataona tofauti kubwa. Anayepandisha Changamwe, au anayetoka Miritini kwenda Mazeras na kreti za maziwa nyuma, ataiona vizuri: injini itaanza kugugumia, ataipa mafuta zaidi, silinda itachemka, na akishikilia ukaidi pistoni itakwama. Mtu huyo namshauri abaki na meno 44, au apande hadi 48, na asione haya kuisaidia injini kwa pedali mlimani.

Kuhusu ukubwa, mimi naegemea cc 48 kwa wengi wetu. Sproketi ya nyuma haikukazwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Imebanwa kwenye spoku zenyewe kwa vipande vya raba na bolti tisa. Injini kubwa ikiachiwa klachi kwa pupa na mzigo umejaa, spoku ndizo zinazopokea kishindo chote, na nimeshazitoa nyingi zilizokatika pale pale zinapoguswa na raba. Wanaosema kubwa hudumu zaidi kwa sababu haijitumi sana wana haki kidogo, lakini fremu na rimu zetu hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Breki nazo zihesabiwe kabla ya kasi. Hizi za vyuma zinazobana rimu ya chuma hushika vibaya mno mvua ikinyesha, na kwa baiskeli ya namna hiyo kilomita 30 kwa saa zatosha.

Wauzaji nao wangetufaa sana kama wangeandika kwenye kasha ujazo halisi wa injini na idadi ya meno ya sproketi, na kuweka dukani za meno 40 na 48, badala ya kumwachia mteja hiyo 44 peke yake.

Fundi baiskeli,
Kongowea, Mombasa