Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Hispania: mrudisheni mtu wa Herques kwao Tenerife

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Moshi, Tanzania. Nakuandikia kumwombea marehemu ambaye jina lake halijulikani. Ni Mguanche, mmoja wa wenyeji wa asili wa kisiwa cha Tenerife, aliyefariki kabla ya Wakastilia, yaani Wahispania wa ufalme wa Kastilia, kukiteka kisiwa hicho mwaka 1496. Watu wake waliukausha mwili wake, wakaufunga kwa ngozi za mbuzi, wakaulaza pangoni katika korongo la Herques. Karne ya 18 ulitolewa humo ukapelekwa Madrid, na mpaka leo uko mikononi mwa serikali yako.

Jambo hili lilinikaa moyoni nilipotembelea makumbusho madogo ya akiolojia ya Puerto de la Cruz, kaskazini mwa Tenerife. Ni nyumba ya zamani ya mjini, na mwenye haraka anaimaliza upesi. Mimi nilikawia. Vimo vyungu wanavyoviita gánigo, vilivyofinyangwa kwa mkono tu. Yumo pia Guatimac, kisanamu cha udongo kinachoenea kiganjani, chenye macho makubwa ya mviringo, na wengi wanaona humo sura ya bundi. Kilipatikana mwaka 1885 katika pango huko Fasnia, kimeviringishiwa ngozi. Kwetu bundi akilia juu ya paa, watu hawalali. Huko kuna mtu aliyemfunga vizuri na kumficha, bila shaka kwa sababu alimthamini.

Sasa, Mheshimiwa, korongo la Herques liko mpakani mwa Fasnia hiyo hiyo. Kisanamu kimebaki kisiwani, kinatazamwa na watoto wa shule wa Tenerife. Binadamu ndiye aliyepelekwa ng'ambo. Hilo nimeshindwa kulielewa.

Viongozi wa Tenerife wameomba arudishwe, si mara moja. Hoja inayosikika kila mara ni kwamba mwili ni dhaifu, hauwezi safari. Lakini mwaka 1878 ulisafirishwa hadi Paris kwenye maonyesho ya dunia. Mwaka 2015 ulihamishwa kutoka makumbusho moja ya Madrid kwenda mengine. Mwaka uliofuata ulipelekwa hospitali kupigwa picha za CT, zinazoonyesha ndani ya mwili bila kuupasua, na ndipo tulipojua kwamba alikuwa mwanamume wa makamo, kwamba viungo vyake vya ndani havikutolewa, na kwamba meno yake yalikuwa mazima. Mwili uliovumilia yote hayo utavumilia na ndege ya kwenda Tenerife, ukifungashwa na mafundi wenu ambao ujuzi wao siutilii shaka hata kidogo.

Na mfano upo. Mwaka 2003 Argentina ilirudisha Tenerife maiti mbili za Waguanche zilizokuwa katika makumbusho ya mji wa Necochea. Hizo zilivuka Bahari ya Atlantiki nzima.

Huenda utauliza Mtanzania anahusikaje. Hapa Old Moshi, Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, chifu wa Wachaga wa hapa, tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake unatafuta kichwa chake mpaka leo. Mafuvu mengi ya watu wetu yalipelekwa Berlin. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba baadhi yake ni ya watu ambao ndugu zao wapo hai hapa Kilimanjaro. Nimewaona wazee wakilizungumzia jambo hilo, na najua linavyowauma kusubiri. Ndiyo maana siwezi kumtazama mtu wa Herques kama kielelezo tu, awe nyuma ya kioo au stoo.

Ninachoomba ni hiki. Sema hadharani kwamba atarudi, na utaje mwaka. Waachie watu wa Tenerife waamue kama awekwe katika makumbusho yao ya Santa Cruz, ambako zipo maiti nyingine za Waguanche na wataalamu wa kuzitunza, au asionyeshwe tena kwa yeyote. Wanasayansi wanaotaka kuendelea kumchunguza wamfuate kisiwani na waombe ruhusa huko. Na jibu lako lipelekwe pia katika halmashauri za Fasnia na Güímar, kwa sababu korongo lile ni lao.

Wako kwa heshima,
Mkazi wa Old Moshi, Kilimanjaro