Maoni kuhusu riwaya yataje sura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu walio katika vikundi vya kusoma riwaya, pamoja na wanaofikiria kuvianzisha. Vikundi hivi huanza kwa hamasa kubwa, na vingi havifiki mbali. Lawama huangushiwa bei ya vitabu na ukosefu wa muda. Sababu hizo zipo, lakini naamini kinachoviua zaidi ni namna tunavyopeana maoni. Mtu akisema "nimeipenda sana, ina mafunzo", mwenzake hana pa kumshika. Akianza kupanga dhamira, ujumbe, falsafa na mtindo kama yuko kwenye chumba cha mtihani, wengine wanasinzia, maana majibu hayo walishayakariri tangu shuleni.

Dawa ipo na haina gharama: kila anayetoa maoni aonyeshe mahali kitabuni. Asome kwa sauti kifungu kisichozidi nusu ukurasa, kisha aeleze kimemgusa au kimemkera vipi. Mwenzake atafungua pale pale na pengine kumwambia ameiruka sentensi inayogeuza maana yote. Mjadala unaanzia hapo.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na ikawahi kupigwa marufuku mashuleni. Wasomaji wake hugawanyika mapema: mwenye kosa kwa yaliyomkuta Rosa ni yeye mwenyewe, au ni Zakaria, baba aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana? Swali likiachwa hivyo, baada ya dakika kumi kitabu kimefungwa na watu wanabishana juu ya malezi ya watoto wa siku hizi. Msimamizi aulize mambo yanayojibika kitabuni. Katika tukio la barua, Rosa anapewa nafasi ya kujieleza? Mama yake anafanya nini? Msimulizi anamwegemea nani, na ni neno gani linalomfichua? Maswali ya aina hii yanatuepusha pia na kosa linalorudiwa sana, la kumtwisha mwandishi kila kauli ya mhusika wake.

Mnapotaja mahali, tajeni sura kwanza, ukurasa baadaye. Riwaya zetu za zamani zimechapwa zaidi ya mara moja, na kurasa za toleo moja si lazima zilingane na za lingine. Robo saa nzima huweza kupotea watu wakitafuta aya moja.

Kuhusu idadi, watu sita hadi kumi wanatosha. Kumi wakipewa dakika tatu tatu za ufunguzi, hiyo ni nusu saa. Katika kikao cha saa mbili mnabaki na saa moja na nusu ya kujibizana. Wakifika kumi na watano, gawanyikeni. Mzunguko wa kwanza usikatizwe na mtu yeyote. Aanze mdogo kuliko wote au mgeni. Mwalimu wa fasihi, mtu mzima anayeheshimiwa na yule aliyependekeza kitabu waseme mwisho. Sheria hii inaonekana ndogo, lakini kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Tumelelewa tusimpinge mkubwa mbele za watu. Mwalimu akishatamka kwamba riwaya ni ya kimapinduzi, kijana aliyeona sura tatu za katikati zinachosha atameza maoni yake, na kikundi kimepoteza kitu cha thamani.

Maana "sikuipenda" ni maoni halali. Ila mwenye nayo aseme uvivu ulimwingia sura ya ngapi, na kabla ya hapo nini kilikuwa kinamvuta. Atenganishe pia mambo mawili: kisa kisichomvutia yeye, na kisa kilichoandikwa vibaya. Mhusika anayebadilika tabia ghafla bila sababu kuandaliwa ni udhaifu wa uandishi. Mhusika ambaye usingependa amuoe binti yako si udhaifu.

Uchaguzi wa kitabu ufanyike miezi miwili kabla, na nakala zihesabiwe kabla ya kura, si baada yake. Nakala nne kwa watu wanane zinatosha mkisoma kwa zamu, mradi mpange wiki sita badala ya nne. Tusitoe kopi kitabu kizima. Mwandishi wa Kiswahili anapata kidogo mno hata pale tunaponunua. Riwaya ya kurasa 250 kwa wiki nne ni kama kurasa tisa kwa siku, kiasi ambacho mtu mwenye kazi na familia anakimudu. Lakini msipime kwa unene peke yake. Nagona, ya Kezilahabi huyo huyo, ya mwaka 1990, ni nyembamba, na inahitaji kusomwa mara mbili kabla ya kikao. Kikundi kichanga kisianze nayo.

Riwaya za Shafi Adam Shafi zinahitaji maandalizi ya namna nyingine. Kuli, ya mwaka 1979, imejengwa juu ya maisha ya wapakuzi wa mizigo bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Mtu mmoja aandae maelezo ya dakika tano kuhusu utawala wa kikoloni wa wakati ule, yasigeuke mhadhara. Msomaji wa bara ataandika kando maneno ya Kiunguja yaliyomshinda; mwenye asili ya visiwani akiwepo aulizwe kwanza, kamusi ifuate, kwa sababu yeye ataeleza pia neno hilo husemwa na nani na kwa hali gani. Ama Vuta N'kuvute, ya mwaka 1999, ina filamu iliyoongozwa na Amil Shivji mwaka 2021. Waliotazama filamu waseme hivyo mwanzoni, la sivyo watatetea mambo ya kwenye skrini mbele ya watu waliosoma kitabu tu.

Kwa vikundi vinavyotumia WhatsApp kati ya kikao na kikao, mtu asivuke sura ya wiki hiyo, na ujumbe wa sauti usizidi dakika moja. Anayefichua mwisho wa kisa anamnyang'anya mwenzake sababu ya kuendelea kusoma. Katibu naye asiandike "wajumbe walikubaliana". Aandike walipotofautiana, sura ipi, na nani alibadili msimamo baada ya kusikia hoja gani.

Mhariri, ombi langu kwako ni nusu ukurasa kwa mwezi wa maoni ya wasomaji kuhusu riwaya moja ya Kiswahili, itakayotangazwa wiki nne mapema ili watu waitafute. Kila maoni yasizidi maneno 200, yataje angalau sura moja na yasifichue mwisho. Na pakitokea wasomaji wawili wanaopingana juu ya tukio lile lile, wachapwe bega kwa bega.

Msomaji wako,
Morogoro