Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: watoto wachanga wa nasari ya hospitali wanahitaji filta

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kwako. Sikutaka kukuandikia mbele ya watu, lakini nimeongea na sista, nimeongea na in-charge wa wodi na mtu wa famasi, na wote wananiambia hiyo maneno ya filta ni ya huko juu, na huko juu ni kwako.

Mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati, tumbo lake bado haliwezi maziwa, kwa hivyo analishwa kwa mshipa, ile TPN, mfuko wa sukari na protini na madini, halafu mafuta meupe yanaingia kwa laini yake. Juzi nikaona ile filta ndogo, kichujio kinachowekwa kwa laini, haiko. Nauliza, naambiwa zimeisha. Nikapewa karatasi nikatafute tao, nikazunguka kemisti baada ya kemisti na kidonda cha opareshoni bado kinauma, wengine hata hawajui ni kitu gani, na huku drip inaendelea kuingia kwa mtoto bila kuchujwa.

Mheshimiwa, hii si urembo. Kalisiamu na fosfeti zisipochanganywa sawa zinaganda, vichembe huwezi kuona kwa macho, haswa mafuta yakishaingia hapo, na vikifika kwa damu vinakwama kwa mapafu. 1994 huko Marekani wagonjwa wawili walikufa hivyo, serikali yao ikatoa onyo, ikasema filta itumike: ya vitundu vya mikroni 1.2 kwa drip yenye mafuta, 0.22 kwa isiyo na mafuta. Ni 1994! Na wangu hajafika hata kilo moja na nusu.

Mimi nadhani mtu wa tenda aliandika mifuko akasahau filta, ama aliona ni kitu kidogo akakata bajeti. Kama si hivyo basi tuambieni ni nini.

Mlituambia tangu 2013 kujifungua hospitali ya serikali ni bure. SHA, ile bima ya afya ya serikali, nalipa. Katiba Kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya lishe na matibabu, na lishe ya huyu wangu ni hiyo inapita kwa laini, hana ingine.

Naomba filta tu. Mkinunua mifuko nunueni na filta, mzilete nasari zote, mzazi asitumwe. Ya mafuta inabadilishwa kila siku, nimepata moja tu na inafaa kutolewa kesho asubuhi. Tafadhali Mheshimiwa, filta.

Mama wa mtoto aliye nasari, Nairobi